Mvua ya Jana Ilikukuta Wapi

Mama ana saluni ndogo mtaa wa Albert Park, huku ugenini, chini ya fleti tunayokaa. Mwaka ule nilipokuwa darasa la kumi, papa mmoja alikuwa akikaa mlangoni pa saluni mchana kutwa akitengeneza zipu za watu. Hakuwa baba yangu. Kwetu Wakongo kila mwanaume wa umri ule ni papa. Usiku alilala nje, chini ya ngazi za jengo la jirani. Sote tulijua, na hakuna aliyesema, maana kila asubuhi alitokea na suruali yenye mstari wa pasi. Pasi hakuwa nayo. Alikuwa akiikunja ile suruali vizuri, anaitandika chini ya kartoni lake, anailalia mpaka inanyooka.

Baridi ilipoingia, akaanza kukohoa. Mama alimpa chai ya tangawizi, na papa alipogeuka, mama akaninong'oneza, "Kifua kile hakitamaliza baridi hii."

Ndipo wenye fleti wakapiga kura. Walikubali kulipa zaidi kila mwezi, na manispaa itumie pesa hiyo kuwapatia vitanda watu wanaolala nje. Sisi wapangaji hatukupiga kura. Sisi tulipandishiwa kodi tu. Mama alinung'unika wiki nzima huku akisuka, kisha siku moja akasema, "Basi, kama tunalipa, papa naye alale."

Manispaa ilikuwa haijawahi kufanya kazi ya namna hiyo. Ilichukua wafanyakazi wa ofisi zake nyingine, ikawakusanya kwenye ukumbi wa kanisa letu kuwafundisha namna ya kupokea watu. Siku ya mwisho ya mafunzo walitaka wajaribu na watu wa kweli, na watakaosikilizwa siku hiyo ndio watakaoingia kwanza. Wakapita saluni kuuliza nani anajua Kiswahili na Kiingereza. Mama akaninyooshea kitana.

"Huyu."

"Maman, mimi siwezi!"

"Nyumbani unaongea na kioo. Kesho utaongea na watu."

Ni kweli, naongea na kioo. Darasani mwalimu akiniambia nisome kwa sauti, nasoma kwa kunong'ona. Usiku ule sikulala vizuri.

Dada wa manispaa tuliyekaa naye meza moja alikuwa Mzulu, kijana, na kabla ya hapo kazi yake ilikuwa bili za maji. Alikuwa akiyarudia maswali yake chini chini, kama mimi. Hilo lilinipa moyo kidogo. Papa akaja, suruali imenyooka, viatu vimepakwa mafuta ya kula. Akaketi wima kama yuko kwa wakwe.

Dada akauliza swali la kwanza kama alivyofundishwa. Nikalitafsiri nikitazama meza: "Papa, jana ulilala wapi?"

"Kwa ndugu," papa akajibu. "Nililala vizuri. Merci."

Nikatafsiri. Ningefanya nini? Dada akatabasamu kwa furaha ya kweli. "Oh, vizuri! Basi ana pa kulala." Akamshukuru. Papa akamshukuru. Akashika mikono ya kiti, akainuka, akakohoa kwenye leso.

Kitanda kilikuwa kinaondoka hivi hivi, kwa adabu.

"Samahani, dada," nikasema. Sauti ilitoka ndogo. "Hana pa kulala."

"Lakini amesema mwenyewe."

"Hawezi kusema. Kwetu mtu akifika mji, watu wa kwao ndio wanampokea. Akisema amelala nje, ametutukana sote. Mama yangu, kanisa, wote."

Dada akaweka kalamu chini. Sikujua kama nimemkasirisha. Kisha akasema polepole, "Eish. Bibi yangu naye angejibu hivyo hivyo." Akanisogelea. "Kwenu mnaulizaje?"

Sikujua. Nikamtafuta mama kwa macho. Alikuwa amesimama mlangoni na chupa yake ya chai, maana alisema anapita tu. Akaja bila kuitwa, akamrudisha papa kitini, akammiminia kikombe, akangoja anywe. Habari za leo? Salama. Habari ya zipu? Iko mingi, mama, watu wananenepa. Wakacheka. Ndipo mama akauliza, kama anayeuliza habari za mtu mwingine:

"Papa, mvua ya jana ilikukuta wapi?"

"Ah, ile mvua haina heshima!" papa akasema. "Ilinikuta pale chini ya ngazi, ikanifukuza mpaka kwenye mlango wa benki. Gadi naye akanifukuza. Nikasimama mpaka asubuhi."

"Umesimama, papa?"

"Nimesimama, mama." Akatazama ndani ya kikombe. "Na miguu inavimba."

Nikatafsiri yote, hata ile ya mvua kukosa heshima. Dada alifuta macho kwa mkono wa sweta, akamwita msimamizi wake, akamwambia swali la kwanza libadilishwe, na chai itangulie.

"Chai haiko kwenye bajeti," msimamizi akasema.

Nikamtafsiria mama. Mama akaweka mkono kiunoni. "Mwambie walipigia kura vitanda. Kwani mtu anaingia kitandani na koo kavu?"

Hilo nalo nikalitafsiri, masikio yakiwaka moto. Msimamizi akacheka, akaomba kikombe.

Nyumba ya vitanda ya manispaa ilipofunguliwa, papa aliingia na kundi la kwanza. Asubuhi iliyofuata alichelewa kuja saluni, mama akawa anatoka nje kila mara, anatazama barabara, anarudi. Alipotokea, tulimkazia macho wote. Suruali ilikuwa imekunjamana kama karatasi ya maandazi.

"Papa! Suruali gani hii leo?"

Akajitazama miguuni, akaona haya.

"Mama, nimeitandika chini ya godoro kama kawaida," akasema. "Lakini godoro lile ni laini mno."