Mafuta ya Taa Kisimani

Niliolewa Kisauni, upande wa Mtopanga, nikitoka kisiwani ambako tangu utotoni maji niliyajua kuwa ni ya kufungua bomba. Nyumba ya mume wangu ilikuwa na kisima uani, karibu na jiko, na kwenye pembe ya pili ya ua ule ule palikuwa na msala, yaani choo. Chini ya msala kulikuwa na shimo lililochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe kabla mume wangu hajazaliwa, likafunikwa kwa boriti na kupigwa chokaa juu. Maji ya karoni, pale tulipooshea vyombo na kufulia nguo, nayo yalipita kwenye mtaro mdogo yakaingia shimo lilo hilo.

Nilipouliza shimo huzolewa lini, mavyaa wangu, yaani mamake mume wangu, alicheka.

"Halijajaa hata siku moja, mwanangu. Lina baraka."

Jibu hilo halikunituliza. Nilikuwa nikifua, nikitazama povu la sabuni likiteremka mtaroni, nikajiuliza: nyumba nzima yatia humo, mwaka baada ya mwaka, na halijai. Vyaenda wapi? Lakini nilikuwa bibi arusi mgeni, na bibi arusi mgeni haulizi habari za choo mara mbili.

Kisima kile alikichimba marehemu baba mkwe na kukitoa sadaka kwa mtaa wote. Mlango wa uani ulikuwa wazi tangu alfajiri, wanawake wakiingia na madebe yao. Kila aliyejaza alisema, "Mungu amrehemu mwenye kisima," na mavyaa wangu, popote alipokuwa ndani ya nyumba, hata akiwa katikati ya maneno na mtu, aliitikia, "Amin." Nadhani alikuwa akiishi kwa hiyo amin. Mumewe alikuwa amekufa kitambo, mali iliyobaki si nyingi, lakini sadaka yake ilikuwa ikitembea mtaani juu ya vichwa vya watu.

Mwanangu wa kwanza alipoanza kutambaa, tumbo lake likaanza kumsumbua. Anaharisha, anapoa, anaharisha tena. Tulimpa dawa ya hospitali, tukamnywesha kombe, maji yaliyooshewa aya. Mavyaa wangu alimfunga hirizi. "Huyu ana jicho," akasema. "Mwamtoa nje mno." Mimi nikawa sikai chini. Nikimlaza, nasimama mlangoni. Nikisimama mlangoni, narudi kumgusa kama ana joto.

Katika masika ya mwaka ule, bwana afya alipita mtaani kukagua mbu. Alichungulia mitungi, akachungulia mapipa, kisha akamulika tochi kwenye tundu la msala. Mbu wakamtokea usoni kama moshi. Aliagiza mafuta ya taa yamwagwe shimoni, akasema atarudi kutazama. Mavyaa wangu hakupenda mwanamume mgeni kuchungulia msala wake. Ili asirudi tena, alitwaa debe la mafuta lililokuwa limebaki nusu, akalimwaga lote. Nilikuwa nimesimama pale na mtoto kiunoni, nikimwona.

Siku chache baadaye chai ikawa na ladha ya mafuta ya taa.

Kwanza tuliishuku sukari. Muuza duka alikuwa akiweka gunia karibu na pipa la mafuta, kwa hiyo tukabadilisha duka. Ladha ikabaki. Tukalisugua birika kwa majivu na ndimu. Ikabaki. Mavyaa wangu akanigeukia mimi. "Washika koroboi, kisha washika birika. Mikono yako hiyo." Niliosha mikono mpaka ngozi ikakakamaa, na chai ya jioni ilikuwa ile ile. Mume wangu, aliyekuwa akifanya kazi bandarini na kurudi amechoka, alikunywa bila kusema neno ili asiwe upande wa mtu.

Aliyenifumbua macho ni jirani yetu wa ng'ambo ya njia, mwanamke wa Kigiriama aliyeuza mihogo. Alikuja kuteka maji asubuhi, akasita, akaniita pembeni.

"Dada, usinione mbaya. Uji wangu wanuka taa tangu juzi. Na kwangu sina taa ya mafuta, nalala na giza."

Yeye hakununua sukari yetu. Hakutumia birika letu wala mikono yangu. Kitu kimoja tu kilikuwa chetu sote. Alipoondoka niliteka ndoo nikaiweka juani. Juu ya maji kulikuwa na utando mwembamba, ukicheza rangi rangi. Niliinua macho nikatazama msala, kisha kisima, kisha msala tena. Kama mafuta yamepita kwenye mwamba yakafika hapa, basi kilichokuwa kikipita kabla ya mafuta ni nini? Mafuta yalikuja na harufu yao tukayajua. Vingine vilikuja kimya.

Jioni nilimwambia mume wangu.

"Mwambie wewe," akasema.

"Ni mamako."

"Ndiyo maana. Siwezi kumwambia mamangu kwamba sadaka ya babangu ni..." Hakulimaliza neno. Alivaa kofia akaenda barazani, ambako siku hizo watu walikuwa wakibishana habari za Mwambao, kama pwani itakwenda na bara au itabaki na Sultani.

Kesho yake baada ya adhuhuri nilimkuta mavyaa wangu kwenye mkeka akichagua mchele. Nilimwekea kikombe cha maji matupu.

"Mama, onja."

Akaonja. "Taa hizo zenu."

"Mama, mafuta haya yametoka shimoni. Yale uliyomwaga siku ya bwana afya."

Aliniangalia kama mtu aliyepigwa kofi na mtoto. "Wataka kuniambia," akasema polepole, "kwamba marehemu awanywesha watu kinyesi?"

Aliinuka, akaenda kisimani mwenyewe, akateka, akanusa, akamwaga. Akasuuza ndoo, akateka tena, akanusa, akamwaga. Kisha aliingia chumbani kwake akafunga mlango, na tangu hapo hakusema nami.

Siku hizo zilikuwa mbaya kuliko zote. Mimi nilichemsha maji ya mtoto na kumchujia, lakini wanawake waliendelea kuingia na madebe. Nikiwaambia, nimeivua nguo nyumba iliyonioa. Nikinyamaza, kila debe linalotoka nalijua linakwenda kwa mtoto wa nani. Nilikuwa nikizunguka uani na ufagio mkononi, nafagia palipofagiliwa. Waliposema, "Mungu amrehemu," nilingoja sauti ya chumbani. Amin ilikuja, ila ilikuja kwa kuchelewa.

Alhamisi, mzee mmoja mhudumu wa msikiti alikuja na mkokoteni na mapipa. Birika la msikiti, la kutawadhia, lilikuwa limekauka, na kesho yake ni Ijumaa. Alipiga hodi, akafunga kamba kwenye ndoo, akaanza kuteka. Pipa la kwanza lilikuwa halijafika nusu mlango wa chumbani ulipofunguka. Mavyaa wangu alitoka amejitanda kanga mpaka usoni.

"Weka ndoo chini, ndugu yangu."

"Kuna nini, mama?"

"Maji yakibadilika rangi, au ladha, au harufu, kwa ajili ya najisi, hayatawadhiwi. Ndivyo tulivyosomeshwa utotoni, chuoni. Haya yamebadilika." Aliendelea kwa nguvu, kwa sababu wanawake wawili walikuwa mlangoni na madebe. "Shimo la msala limeingia kisimani. Msiteke. Mwambieni kila mtu asiteke, na aliye na maji yetu nyumbani ayamwage."

Mzee yule alisimama, kisha akamimina pipa lake chini. Mavyaa wangu alifungua kamba kwenye ndoo, akaiviringa mkononi, akaingia nayo ndani. Nilimfuata. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, kamba imemlowesha mapaja.

"Abee, mama," nikasema, ingawa hakuwa ameniita.

"Kaa hapa," akaniambia. Nikakaa. Alilia, nami nikalia, na mtoto akatambaa akaja kuchezea ile kamba.

Baadaye watu walisema yao. Wengine walisema walijua siku nyingi. Yule jirani yetu alileta mihogo, akakaa jikoni nasi mpaka jioni, na hakutaja kisima.

Mume wangu alileta wachimbaji wawili, ndugu wa Kidigo kutoka Likoni. Walilivunja lile paa la chokaa, wakatuonyesha ufa kwenye ukuta wa mwamba, upande wa kisima, mpana wa kuingiza ngumi. Shimo halikuwa na baraka yoyote. Lilikuwa na mlango. Waliliziba kwa chokaa na mchanga. Kisha wakapiga mtaimbo wiki baada ya wiki upande wa chini wa kiwanja, mbali, na fundi akajenga tangi la vyumba viwili, limepigwa saruji ndani mpaka sakafuni: kimoja cha kutuama uchafu, cha pili cha maji, ndipo yatoke kwa mtaro yakanywee ardhini. Ilibidi asmini za mavyaa wangu zing'olewe. Alizing'oa mwenyewe kabla hawajaguswa na mtu.

Maji ya kunywa tukawa twateka bombani, barabarani. Tumbo la mwanangu likatulia. Kama ni maji au ni umri, hakuna aliyeniambia, na mpaka leo sijui.

Tangi likawa langu. Nilikataza machicha ya nazi karoni, nikakataza majivu na matambara, nikawa nainua kifuniko kutazama. Watu wangu walinicheka, kwamba nalichungulia kama chungu cha pilau. Sikuweza kuacha.

Siku ya Uhuru nyumba ilijaa jamaa, wengine wamevuka feri tangu asubuhi. Wanaume walikuwa wakibishana kama ni siku ya furaha au ya msiba, njiani watu wakipiga ngoma, na mimi nilikuwa nikitazama nani anaingia msalani. Kabla ya chakula, maji ya karoni yakasimama. Wageni walikuwa wamekuna nazi na kutupa machicha humo humo.

Nilikwenda mtaroni na ufito mrefu. Mavyaa wangu alinikuta nimepiga magoti, akapandisha kanga yake, akashika ncha ya pili. Tulisukuma, tukavuta, tukasukuma. Yakatutapikia mpaka viwikoni. Kisha kitu kikaachia, na maji yakateremka kwa mngurumo, tukayasikiliza sote wawili mpaka yakaisha.

"Enenda ukaoge," akasema. "Wageni wangoja wali."

Nilioga, nikapakua. Lakini hata nilipokuwa nikipitisha sinia, sikio langu lilikuwa uani.