Manjano Ndani ya Mchicha

Miaka ile maduka yalipoanza kujaa vitu tena, tulikuwa tumepanga vyumba viwili Kilakala, Morogoro, chini ya mlima, mahali ambapo usiku ukitulia unasikia maji yakiteremka kwenye mawe. Mume wangu alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha nguo. Kiwanda kilipoanza kutafutiwa mnunuzi, akawa miongoni mwa waliopunguzwa. Alikaa nyumbani kwa muda, kisha akafungua kibanda barabarani, akauza biskuti, siagi ya kopo, maziwa ya unga na nyanya za kopo kutoka nchi ambazo hata majina yake tuliyasoma kwa kubahatisha.

Tulijiona tumefika. Sisi tuliopanga foleni ya sukari na ya sabuni, sasa mtoto wetu alikunywa chai na biskuti asubuhi na jioni, na wali mweupe mchana. Mimi nimetoka Singida, na kwetu mboga za majani zilikuwa chakula cha siku ambayo nyama imekosekana. Sikuona sababu ya kumpa mwanangu majani wakati kibanda kimejaa.

Binti yetu alikuwa hajaanza shule. Masika ya mwaka huo akapata surua. Homa ilimchemsha, kinywa kikawa na vidonda, akakataa kila kitu isipokuwa chai ya rangi na mkate uliolowekwa. Hatimaye upele ukakauka, akarudi uani kucheza na watoto wengine wa nyumba ile, nami nikamshukuru Mungu nikidhani yamekwisha.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba ameacha kucheza jioni. Wenzake walikimbizana mpaka adhana ya magharibi, lakini yeye alijitenga mapema, akaja kukaa mlangoni akiwa ameshika pindo la kanga yangu. Nilidhani bado ana uchovu wa ugonjwa. Kisha akaanza kujikwaa kwenye kigoda ambacho kilikuwa mahali pake siku zote. Watoto wakamwita kuku, kwa sababu kuku nao hurudi bandani jua likizama.

Jioni moja nilimwekea sahani mkekani, mbele ya magoti yake. Taa ya chemli ilikuwa inawaka juu ya kabati, na mimi niliweza kuona hata punje za wali. Mkono wake ukapapasa mkeka, ukapita pembeni ya sahani, ukarudi.

"Mama, umeweka wapi chakula?"

"Si hicho mbele yako."

"Mbele kuna giza."

Mume wangu aliacha kula. Akainuka, akachukua taa, akaisogeza karibu na uso wa mtoto. Hapo macho yake yakaifuata ile taa, akatabasamu, akaiona sahani. Tulitazamana juu ya kichwa chake. Hakuna aliyemaliza chakula.

Asubuhi nilikuwa wa kwanza kwenye benchi la zahanati. Mganga alikuwa mtu mzima, mtaratibu wa maneno. Alimmulika mtoto kwa tochi, akafungua kope kwa kidole gumba, akaniita nisogee. Kwenye weupe wa jicho la kushoto kulikuwa na doa dogo, kama povu la sabuni lililokaukia.

"Ameishiwa vitamini A," alisema. "Alikuwa nayo kidogo, na surua imemaliza hata hiyo kidogo. Mmewahi. Mngechelewa, kioo cha jicho kingeanza kulainika, na kikishaharibika hatuna la kufanya."

Alichukua kidonge laini chenye mafuta, akakikata ncha kwa mkasi, akamkamulia mtoto mdomoni. Akaniambia tarehe za kurudi kwa dawa nyingine. Kisha akaniuliza anakula nini. Nilimwambia ukweli wote, na biskuti zake.

"Dawa hii inamwokoa sasa," akasema, "lakini akiba atajengewa na chakula. Mpe mchicha, matembele, majani ya maboga. Papai, embe, viazi vitamu vile vyenye njano ndani. Na mboga utie mafuta kidogo, bila mafuta haimsaidii sana."

Papai niliweza kulielewa, maana hata yale mafuta ya dawa yalikuwa ya manjano. Lakini jani la mchicha na jicho la mtoto vinakutana wapi? Niliondoka na swali hilo, nikiwa nimembeba mgongoni na kanga nimemfunika kichwa kwa sababu ya jua.

Mama mwenye nyumba wetu alikuwa Mluguru, mwenye shamba juu mlimani. Nilipomweleza, hakuuliza mengi. "Kesho mimi napanda," alisema, kwa ile lafudhi yake ya kupandisha na kushusha maneno. "Twende. Majani ninayo mpaka natupia mbuzi."

Mlima ule nilikuwa nimeuangalia kutoka chini tangu nifike Morogoro, nikiujua kama ukuta wa buluu wenye mawingu. Sikuwahi kufikiri kwamba ndani yake kuna chakula namna ile. Njia ilikuwa nyembamba na imesimama, nilipumua kwa shida, yeye akatangulia akiongea bila kukata pumzi. Tulipofika kwenye matuta yake nilisimama tu. Mchicha wa kijani na mchicha mwekundu, maboga yaliyotambaa mpaka kwenye njia, migomba, mapapai, karoti zilizochungulia kwenye udongo mweusi, na maji yakipita katikati kwenye kijito nilichoweza kukiruka. Kila kitu kililowa umande na kila kitu kilikuwa na rangi. Nilijiona kama mtu aliyeishi miaka mlangoni mwa nyumba bila kujua kwamba ndani kuna watu.

"Chuma," aliniambia. "Unashangaa nini?"

Chumba cha mwisho katika nyumba yetu alipanga mwalimu wa kemia, msichana aliyekuwa ndiyo kwanza amemaliza chuo. Aliniona nachambua mzigo ule, akaja kunisaidia, nami nikamuuliza swali langu la zahanati. Alifikiri kidogo, akacheka.

"Dada, hili tusielezane kwa mdomo. Subiri nije."

Alirudi na kipande cha chaki nyeupe na chupa ndogo ya spiriti. Alitwanga majani ya mchicha kwenye kinu changu, akayatia spiriti mpaka ikawa kijani kibichi cheusi, akamimina kidogo kwenye kisosi. Kisha akaisimamisha chaki katikati ya kisosi kile, akatukataza kuigusa.

Tulichuchumaa pale uani, mimi, yeye na mtoto. Chaki ikaanza kunywa. Kijani kilipanda taratibu, kama maji yanavyopanda kwenye utambi. Nilidhani ndiyo basi, chaki imekuwa kijani. Lakini kijani kikaanza kubaki nyuma, na juu yake, kwenye weupe mtupu, ukatokea mstari wa manjano. Ukajitenga peke yake, ukang'aa.

Mama mwenye nyumba alikuwa anapita na ndoo. Akainama. "Nani katia bizari humo?"

"Hakuna, mama," mwalimu alisema. "Yalikuwamo."

"Kwenye mchicha wangu?"

"Kwenye kila jani. Kijani kinayaficha. Rangi hii ni ndugu wa ile iliyomo kwenye papai na karoti."

Nilichukua jani moja lililobaki, nikaliinua kwenye jua, nikalitazama kama mtu ambaye hajawahi kuona jani.

"Jani linakaa juani mchana kutwa," mwalimu aliendelea. "Jua lile lile linalolilisha linaweza kuliunguza. Hii njano ni moja ya vitu vinavyolilinda. Ukila jani, mwili wako unaichukua, unaikata katikati, na kipande chake ndicho ambacho jicho linakitumia kuona kwenye mwanga mdogo."

"Na hizo nyingine? Nyekundu ya nyanya, zambarau?"

"Nazo ni walinzi wa mimea. Umeona parachichi ukilikata linavyokuwa jeusi? Ni hewa inaliunguza polepole. Ukilikamulia ndimu, linachelewa. Sisi nasi tunaungua hivyo ndani, kidogo kidogo. Vinavyozuia mambo hayo wanaviita antioksidanti, na matunda na mboga vimejaa. Lakini namna hizo nyingine zinavyotusaidia tukishazila, bado wanachunguza, nisikudanganye. Hili la macho ndilo linalojulikana vizuri."

Kuanzia siku ile nilipika mboga kila siku, kwa nazi au kwa mafuta ya alizeti, na papai likakaa mezani mahali pa biskuti. Mtoto aligoma mwanzoni, kisha akazoea. Tulirudi zahanati kila tulipoambiwa.

Lakini dawa ilikuwa imeanza kazi mapema kuliko nilivyotarajia. Ilikuwa siku chache tu baada ya kidonge cha kwanza: jua lilikuwa limezama, nipo uani naanua nguo, giza linaingia. Mtoto alisimama karibu na mpera, ameinua uso.

"Mama, kuna kuku mmoja amelala juu."

Nilitazama. Sikuona kitu ila majani meusi. Nikasogea, nikainama mpaka usawa wake, nikafuata kidole chake. Kuku wa kijivu wa jirani alikuwa amejikunyata kwenye tawi la juu. Mwanangu alimwona kabla yangu. Nilikaa chini pale pale na nguo mapajani, na mume wangu alipotoka kuuliza kuna nini, nilimwonyesha kuku kwa kidole.

Baadaye, zilipoingia zile chupa za vidonge vya rangi, zinazoahidi kuzuia uzee na kila maradhi, mume wangu alileta moja ili auze kibandani. Alipomuuliza mganga, akaambiwa vidonge vya vitamini A mtoto alipewa kwa sababu alikuwa anaumwa, na kwa kipimo, na kwamba yeye mganga hajui hizo za kuzuia uzee zina kazi gani. Chupa ile haikuongezewa nyingine.

Binti yangu sasa ni mama. Jicho la kushoto lilibakiwa na kovu dogo sana, ambalo daktari huliona kwa kifaa chake na mimi huliona kwa sababu najua lilipo. Mwalimu alihamishwa, na mama mwenye nyumba hatunaye tena. Mara ya mwisho nilipopanda naye mlimani ilikuwa msimu wa forosadi. Tulikula tukiwa tumesimama, vidole na meno vikawa zambarau, naye akanyoosha mkono wake ule uliopakaa rangi akautazama, upande mmoja, kisha upande wa pili.

"Na hii nayo inalinda nini?" aliniuliza.

Nilimwambia bado wanachunguza. Akaitikia kwa kichwa, akainamisha tawi lingine ili nifikie.