Karatasi ya Kaki

Mjukuu wangu anafunika vitabu vya shule kwa karatasi ya kaki, na harufu yake, wacha tu, inanirudisha utotoni Kaloleni. Baba alikuwa na kitabu kilichopigwa marufuku na serikali. Kikipatikana, anafungwa. Basi alikifunika kwa kaki, na Biblia nayo akaifunika hivyo hivyo ili vifanane. Mama hakujua kusoma. Mimi nilikuwa bado kwenye a-e-i-o-u, na hata leo sijafika mbali.

Mchana mmoja jirani, mama mmoja wa sauti kama king'ora, alipiga kelele dirishani: "Wewe mama! Askari kanzu hao, wako kwa fundi viatu!"

Mama alivishika vyote viwili, akavipima mikononi. Kimoja akakisukuma jikoni, motoni chini ya sufuria ya ugali. Kingine akakikumbatia.

"Nini hiyo, mama?" askari akauliza mlangoni.

"Biblia, afande."

"Basi utuombee." Wakaenda.

Baba aliporudi alikifunua kilichobaki, akakifunga tena.

"Biblia iko wapi?"

Mama akautazama ugali mezani. Tuliula hivyo hivyo, na hakuna aliyethubutu kuombea chakula.