Barua za Televisheni Isiyokuwepo

Clifford Sugden, jirani yangu pale Halifax, Uingereza, hakuwa na televisheni. Aliitoa mara baada ya kumzika mkewe, Muriel, kwa sababu hakuona raha kuicheka peke yake. Watu wa leseni ya televisheni, ambayo huko kila mwenye televisheni lazima ailipie, hawakuzijua habari hizo. Barua zao zilikuja na maandishi mekundu, zikimwita "mkaazi" bila jina, na Clifford, mtu aliyemshuku hata muuza maziwa, alizisoma zote mara mbili.

Mwanzoni alijibu kistaarabu kwamba hana. Wakamshukuru, kisha wakaongeza kwamba huenda mtu wao akapita kuhakikisha. Hapo ndipo alipochafukwa roho. Msema kweli anahakikishwa nini? Alimwambia Edna, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, kwamba ule ni mtego, na aliyeutega ni Keith.

Keith ni mwanawe, anakaa Leeds, mji wa jirani. Kwenye mazishi ya mama yake alitamka kwamba baba akishindwa kujimudu, atampeleka nyumba ya wazee. Clifford hakumfungulia mlango tena. Aliamini mkaguzi akiingia ataona vyombo visivyooshwa, atapeleka habari, na habari zitafika Leeds. Basi nyumba aliyoishi na Muriel itakuwa imemponyoka. Edna alimwambia akili zimemruka. Tangu siku hiyo akamshuku na Edna.

Jumatatu moja akafunga mapazia ya mbele mchana kweupe ili mkaguzi asichungulie. Sasa, mtaani kwetu mapazia hayafungwi mchana ila kwa msiba. Edna aligonga, kimya. Akagonga tena, akarudi kwake akilia. Kufika adhuhuri mtaa mzima umefunga mapazia kumheshimu marehemu. Hata mimi mgeni nilifunga. Ukienda kwa wenye chongo, nawe vunja lako jicho. Clifford akachungulia, akaona kila dirisha limezibwa, akapata jibu moja tu: mkaguzi yuko mtaani, na kumbe hawa wote hawajalipa. Akajibanza nyuma ya kochi.

Huko ndiko Edna alikomkuta, alipoingia kwa ufunguo aliowahi kuachiwa na Muriel, kavaa koti jeusi la mazishi. Mwenyewe ametusimulia mara nyingi, na kila mara hucheka mahali pale pale.

"Wameshaondoka?" Clifford alinong'ona.

Edna aliinama juu ya kochi. "Nani hao?"

"Watu wa leseni. Na wewe nani kakutuma?"

"Imenituma maiti yako, zee zima ovyo. Nimeshampigia Keith simu nikamwambia umekufa. Yuko njiani."

Clifford alikaa sakafuni. "Umeniuza, Edna."

"Nani akununue wewe?"

Gari likasimama nje. Clifford akajikokota hadi dirishani na kuchungulia pembeni ya pazia. Alitaka kumwona Keith akishuka na sura ya mrithi, akiipima nyumba kwa macho. Akamwona mtu wa makamo mwenye ndara miguuni, shati kalivaa ndani nje, ameegemea lango, analia kwa sauti kama mtoto aliyeachwa sokoni.

Clifford alimkagua. Alitazama juu na chini ya barabara akitafuta ni nani anayeonyeshwa machozi yale. Hapakuwa na mtu. Madirisha yote yamefungwa, hakuna jicho hata moja, na Keith bado analia. Edna anasema mzee aliliachia pazia. Kisha akaenda mlangoni na kufungua mwenyewe, bila kuuliza nani.

Keith akainua uso. Akaliachia lango, akasogea mlangoni.

"Baba?"

"Ingia upesi," Clifford alimwambia, akitupa jicho kulia na kushoto. "Bado wanaweza kupita."

Akamshika mkono, akamvuta ndani.