Vidole Viwili vya Salehe

Usiku ule, nilipojilaza, uongo wangu ulikuwa umeshagharimu vidole viwili vya mguu, tena si vyangu. Vilikuwa vya Salehe, rafiki yangu, mwanajeshi, aliyeuawa vitani siku tatu nyuma.

Maofisa walipeleka taarifa kwa baba yake mdogo, kwa kuwa mama yake ana presha. Baba mdogo akanituma mimi.

"Wewe unauza viatu vya mitumba, mdomo unao. Kamwandae shemeji. Sema amejeruhiwa, hali si nzuri. Sisi wazee tutakwenda asubuhi tummalizie."

Ndivyo kwetu msiba unavyoingizwa nyumbani, hutangulizwa ugonjwa.

Nikaenda. Nikasema amejeruhiwa vibaya, yuko hospitali. Mama Salehe akashika ukuta. Nami mtu akishika ukuta mbele yangu, nashusha bei bila kuombwa. Nikasema ni mguu tu. Machozi yakamtoka. Nikashusha tena: vidole viwili, vile vidogo. Akacheka, akamshukuru Mungu, akasema alfajiri atapanda basi akamwone. Kisha akanichemshia chai. Nikainywa, vikombe viwili.

Basi nikalala, nikajikuta sokoni. Viatu vyangu nimevipanga kama kawaida, ila vyote ni vya kushoto. Navihesabu, narudia, vyote vya kushoto. Mteja ameinama, amenipa mgongo, amevaa sare. Soko zima limejaa watu na hakuna anayetoa sauti.

"Bei gani?" anauliza. Ni Salehe.

Nataka kumpa pole. Ulimi unasema, "Elfu kumi. Kwako wewe, nane."

Anakaa kwenye benchi, anavua buti. Benchi ni kochi la mama yake, na vitambaa vyake vya kufuma. Sikuona lilivyoingia sokoni, au sisi tulivyotoka. Ananiwekea mguu juu ya goti. Una baridi, na ni msafi, kama kuna mtu kauosha taratibu.

"Hesabu."

Nahesabu. Vitano. Narudia. Vitano. Ananipa wa pili. Vitano.

"Mbona vimetimia?" nasema, na mjinga mimi nafurahi, naona kama vidole vimetimia, basi labda na mwenyewe katimia, labda maofisa ndio waliokosea nyumba.

"Mama ananiombea nipone," anasema. "Tangu jioni. Sasa mimi sijui niende wapi."

"Nilimpunguzia tu, ndugu yangu."

"Mimi sipungui, Hamadi."

Mama yake anapita katikati yetu, kabeba begi, hamwoni yeyote. Salehe anamfuata kwa macho mpaka kochi linapoisha, na linachukua muda mrefu sana kuisha.

"Mwambie kabla hajapanda basi."

Nikaamka nimeushika mguu wangu mwenyewe. Nje weupe ulikuwa ndiyo kwanza unaanza. Sikuwasubiri wazee. Nilikimbia.

Mama Salehe alikuwa mlangoni, begi chini, anasubiri bodaboda ya stendi.

"Umekuja kunisindikiza, baba?"

"Mama, Salehe amefariki. Hospitali hayuko. Jana nilikudanganya."

Akaketi juu ya begi. Nilisubiri ukelele, haukuja.

"Amefariki kabisa?"

"Kabisa, mama."

"Hakuna pungufu ya hapo?"

Maisha yangu yote nimeulizwa swali hilo, na siku zote nina jibu la pili mfukoni. Nikatafuta. Nikatafuta tena.

"Hakuna, mama."

Akaikunja khanga yake magotini, akaikunjua. Halafu akageuza uso kwenye dirisha la chumba cha nyuma, akashusha sauti.

"Mkewe kalala humo ndani. Jana mimi nilimwambia ni homa tu." Akanishika mkono, akaukaza. "Nishauri, Hamadi. Naanzia wapi?"