Kifungo cha Mjomba

Mimi ni mnunuzi wa mchele Ipinda, na sinunui gunia bila kulipiga bambo. Bambo ni kile kichuma chenye mfereji unachokichomeka kwenye gunia, likatema punje za tumboni. Mdomo wa gunia, kama mdomo wa mwenye gunia, huonyesha mchele mzuri tu. Nachoma juu, nachoma chini, kisha narudia. Ndiyo maana nyumbani hawakunielewa nilipoanza kununua sarafu za dhahabu zilizofungiwa kwenye kasha la plastiki ambalo ukilifungua tu umeharibu biashara.

Hata mimi mwanzoni sikuelewa. Mteja wangu mmoja wa Dar es Salaam ndiye aliyenieleza. Sarafu inapelekwa kwa wakaguzi ng'ambo, wanaipima, wanaitazama kwa lenzi, wanaipa alama, kisha wanaifungia pamoja na kikaratasi chenye alama hiyo na namba yake. Alama ya juu kabisa ni sabini. Nikamuuliza hiyo ni shule gani ambayo mtihani unaishia sabini. Ya kwanza niliinunua nimenuna, kwa bei niliyoishusha mara nne, na namba yake nikaiingiza kwenye simu mara mbili kuhakikisha picha ya wakaguzi na sarafu yangu ni kitu kimoja. Sasa ninazo tatu, ndani ya kopo la maziwa ya unga. Kopo liko wapi, hilo halikuhusu. Mume wangu anasema nafuga kuku wasiotaga.

Habari za kopo zikamfikia mjomba wangu, kaka wa marehemu mama, anayelima kakao Katumba Songwe. Naye alikuwa na sarafu moja ya dhahabu, ndogo, yenye swala upande mmoja. Aliipata ujanani, alipovuka mto wa mpakani akaungana na ndugu zetu wa Malawi kwenda kwenye migodi ya Afrika Kusini. Wenzake walirudi na baiskeli, redio na makoti. Yeye akarudi na kitu cha kuenea kwenye kiganja cha mtoto. Jirani yake, fundi cherehani, alikitazama mara moja akatoa hukumu: kifungo cha koti. Na kwa kuwa hapo kijijini mjuzi wa vifungo alikuwa yeye, kesi ikafungwa. Tangu hapo mjomba hawezi kupita mbele ya cherehani bila kuambiwa alete kifungo chake kitobolewe matundu. Wanangu wamekua wakimwita babu wa kifungo.

Binti yake aliyeolewa Johannesburg ndiye aliyechoka. Alikuja likizo, akaichukua sarafu, akaipeleka kwa wakaguzi, na ikarudi ndani ya kasha. Mjomba akanipigia simu. Anataka kubadili mabati kabla ya mvua, anauza, niende Jumapili baada ya ibada. Akasisitiza kwamba tutafanyia biashara nje, uani. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka.

Nilipofika, fundi alikuwa ameshakalia kiti kizuri kuliko vyote, kando ya mkeka wa kakao, na majirani wengine wawili kwenye benchi. Tukasalimiana Kinyakyusa, ugonile, ndaga; ikaja chai, ndizi. Kisha mjomba akanipa kasha kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi mtoto mchanga.

Nikaingiza namba kwenye simu. Mtandao wa pale mtoni una tabia ya kurukia Malawi, kwa hiyo nilikaribishwa mara mbili kwenye nchi ambayo sikwenda. Mwishowe picha ikaja. Sarafu ndiyo yenyewe, hadi mkwaruzo chini ya mguu wa swala. Ndipo nikasoma kikaratasi. Dhahabu halisi, sawa. Lakini mahali pa alama hapakuwa na namba yoyote. Paliandikwa kwamba sarafu imesafishwa.

Kwa sisi wakusanyaji hilo ni balaa. Sarafu iliyosuguliwa imechunwa ngozi, na wakaguzi hawaipi alama. Ni kama mwanafunzi aliyetolewa kwenye chumba cha mtihani. Nikamuuliza mjomba polepole kama amewahi kuisafisha. Akajibu kwa fahari kwamba ameisugua kila mkesha wa Krismasi, kwa majivu na limau, na mwaka ambao fundi alimsema vibaya zaidi aliongeza na mchanga wa mto. Kifungo kingeshachakaa, akasema. Hii inazidi kung'aa.

Kasoro mimi najua pa kuipeleka: juu, kila mtu aione, bei ishuke. Nimewahi kushusha bei ya gunia kwa punje chache zilizokatika. Nikafungua mdomo. Fundi akaniwahi.

"Haya, mama wa mchele, mjuzi ni wewe. Hiyo karatasi inasemaje?"

Mjomba hakumtazama. Alitazama kasha, mikono katikati ya magoti. Nikaona wazi: nikisema imekosa alama, fundi hatasikia kingine, na kesho mchana kutwa cherehani itashona habari hiyo. Nikapiga hesabu ya hasara yangu mara moja. Mara ya pili sikutaka.

"Inasema ni dhahabu halisi," nikasema.

"Na hilo neno la chini?"

"Kwamba imeoshwa."

Fundi akafikiri. "Kuoshwa imeoshwa," akasema. "Hilo hata mimi ni shahidi."

Na hapohapo, chai ikiwa bado mkononi mwangu, mjomba akapandisha bei.

"Umesema mwenyewe, mpwa wangu."

Tukavutana. Silaha yangu kubwa nilikuwa nimeshaitupa, kwa hiyo nikabaki na moja: nitalipia uzito wa dhahabu tu, karatasi silipii hata shilingi. Nilitegemea atalegea.

"Basi karatasi niachie."

Nikamweleza kwamba karatasi haitoki bila kuvunja kasha, na kasha likivunjwa hakuna mtu atakayeiamini sarafu. Akauliza, mbele ya benchi zima, kama mimi niliyesema ni dhahabu siiamini. Fundi akaenda mwenyewe kuchukua nyundo yake ya kugongea vifungo vya chuma. Pigo la tatu, kasha likapasuka. Nikaipima sarafu kwa mizani ya sonara niliyokuja nayo, mara mbili: gramu nane na nusu kasoro kidogo. Nikalipa.

Kikaratasi sasa kiko ukutani sebuleni kwa mjomba, ndani ya fremu moja na picha ya harusi yake. Wageni huonyeshwa na fundi, ambaye Kiingereza hajui lakini anakisoma chote.

Sarafu iko kwenye kopo langu, imeviringishwa kitambaa, uchi kati ya wenzake watatu waliovaa. Nilimtumia picha yule mteja wa Dar. Akaniuliza atajuaje kama ni ya kweli. Mume wangu naye akaichukua, akaigeuza, akaishikilia kifuani kwenye koti lake la kanisani.

"Matundu yake yako wapi?" akauliza.