Mpaka Mpunga Uvunwe

Mlio wa kopo bovu likigongwa kwa kijiti hunitoa machozi mpaka leo. Msimu ule niligonga kopo kutwa nzima juu ya dungu, kile kibanda cha miti kinachosimamishwa katikati ya mpunga, nikiamia ndege wasile mpunga, shambani kwa baba huko Mahege. Wazazi wangu walikuwa wameachana, na mahakama iliamuru nikae kwa baba, likizo niende kwa mama, huko Salale pwani. Lakini kwetu mpunga ukianza kuiva watu huhamia shamba, na shule yangu ikasahauliwa, na likizo nayo. Nilikuwa na miaka tisa. Nilimtamani mama hata nikaota harufu ya kamba anaowaanika.

Mama aliposikia sisomi, alipanda mashua, akaja mpaka mahakamani Kibiti kuomba amri ile ibadilishwe: nilelewe naye, baba atoe matunzo. Siku ya shauri nilimwona kwenye benchi, amejifunga khanga mpya.

"Usiogope, mwanangu," hakimu akaniambia. "Unataka kukaa kwa nani?"

Nilitaka kwa mama, Mungu ni shahidi wangu. Lakini mpunga ulikuwa haujavunwa, baba hana mwingine, na anayeamia hashuki dunguni ndege wakiwa wengi. Nilidhani mahakama nayo huhesabu kwa msimu, kama sisi. Nikajibu, "Kwa baba." Hakimu akaandika nibaki kwa baba. Nje nilimkimbilia mama, nikamnong'oneza, "Tukishavuna nakuja." Akanishika uso kwa mikono miwili, akalia. "Mwanahawa mwanangu, ndiyo basi tena!" Wahenga husema majuto ni mjukuu, yangu hayakungoja hata mavuno. Gunia la mwisho lilipofungwa, nami nilifunga nguo zangu, nikamwomba baba anipeleke kwenye mashua. Hakunigombeza. Alisema tu, "Si ulisema mwenyewe mbele ya hakimu?"

Siku hizi nasikia mtoto huketi faraghani na afisa wa ustawi wa jamii, akasikilizwa taratibu, na amri hubadilishwa tena mambo yakibadilika. Pengine hata wakati ule iliwezekana. Sisi hakuna aliyetuambia, na mama hakuwa na nguvu ya kurudi mahakamani. Sasa nina binti wa umri ule. Akinijibu neno, lolote lile, humuuliza tena, hata ananicheka. Hajui kwamba maisha yangu na mama yalipotea kwa swali moja ambalo hakimu hakuniuliza: mpaka lini?